Futingi Inayoishia Kwenye Kanivo: Mbio za Kikundi na Kazi za Kartie Kindu

Siku ya posho, mapema, kabla jua halijapanda vizuri upande wa Alunguli, barabara za Kindu zinakuwa na watu wa aina mbili. Kuna mama na wasichana wenye bido kichwani, wanatoka kuteka maji. Na kuna vijana wa futingi: wanakuja kwa kundi, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitika, vumbi linapanda, jasho linatoka. Wakifika mwisho wanajinyoosha, wanacheka kidogo, kila mtu anarudi kwao kuoga. Kando ya barabara ileile kuna kanivo imejaa mchanga, sashe na machupa ya plastiki. Vijana wakiifikia, wanairuka.

Nguvu ya kukimbia kilomita tano iko. Kazi iko palepale mbele ya miguu. Kinachokosekana ni kuunganisha hivi viwili, na kuna miji ambayo imekwisha kujaribu. Pengine ilifaulu, pengine iliharibika vibaya. Kwa kikundi cha Kindu kinachotaka kuanza, ni vizuri kujua habari zote mbili.

Mfano mmoja ulianza London, Uingereza, mwaka wa 2009. Kijana mmoja, Ivo Gormley, aliona watu wa mji ule wanalipa pesa ili wakainue vyuma na kukimbia juu ya mashine, nguvu inapotea bure, na huku wazee wa jirani wanakaa peke yao siku nzima bila mtu wa kuwasalimu. Akaanza kukimbia mpaka kwa mzee mmoja, akimpelekea gazeti. Pale kikazaliwa GoodGym: vikundi vinakimbia pamoja hadi mahali penye kazi, vinafanya kazi ya muda mfupi, kisha vinakimbia kurudi. Wengine wanapewa mzee wa kutembelea kila wiki. Na yule mzee haitwi maskini wala mgonjwa. Anaitwa kocha. Juu ya nini? Juu ni yeye anayemtoa kijana nyumbani hata siku ya baridi. Kijana anajua kuna mtu anamngojea. Heshima inabaki pande zote mbili.

Kule Uswidi nako, kuanzia 2016, Erik Ahlström aliwaingiza watu katika kukimbia huku wakiokota takataka njiani, na zoezi hilo likaenea nchi nyingi. Kuinama na kusimama mara mia moja ni spoti kwelikweli. Waulize mama wanaopalilia muhogo.

Lakini hapana haja ya kwenda mpaka Ulaya. Dar es Salaam, vikundi vya jogging viko katika mitaa mingi. Mwisho wa wiki wanatoka alfajiri na jezi zao, wanaimba kwa mtindo wa mchakamchaka, ule waliojifunza shuleni wakiwa watoto. Baada ya mbio, vikundi vingi vinafanya usafi wa soko au wa hospitali, au wanachama wanatoa damu. Na ndani ya kikundi kuna daftari la michango: mwanachama akifiwa, akiugua, akioa, wenzake wanakuja na pesa na mikono. Njo maana vinadumu. Mtu hatoki kitandani saa kumi na moja ya usiku kwa ajili ya kanivo peke yake. Anatoka kwa sababu asipoonekana wataulizia, na siku ya msiba wake watakuja. Kindu inajua mambo ya kuchangiana tangu zamani. Likelemba si kitu cha kufundishwa hapa. Kikundi cha futingi chenye likelemba yake kina mguu wa pili wa kusimamia.

Salongo na kumbukumbu zake

Ukimwambia mzee wa Kindu kwamba vijana watakimbia kisha watasafisha kartie, atajibu kwa neno moja: salongo. Na sauti yake itaonyesha anakumbuka nini. Miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya lazima. Raia waliitwa kufagia, kukata majani, kutengeneza barabara, na asiyekuja alijitafutia matatizo. Mbele ya hapo Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuwafanyisha watu kazi za lazima, kubeba mizigo, kulima mashamba, kutengeneza njia. Kwa hiyo mtu akiitwa kwa kazi ya jumuiya, kuna kitu moyoni kinachouliza: nani anapata faida?

Neno lenyewe halijafa. Katika miji mingi ya Kongo viongozi bado wanatangaza salongo ya Jumamosi asubuhi, na maduka yanangoja kufunguliwa. Wengine wanafanya kwa moyo. Wengine wanashika fagio mpaka polisi apite, kisha fagio linarudi nyuma ya mlango. Rwanda ina umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65. Uko ndani ya sheria, na ni kweli barabara za Kigali ni safi. Tangu 2016 Kigali ina pia siku za Jumapili ambazo magari yanafungiwa barabara fulani ili watu wakimbie na kutembea. Lakini kule kukimbia kuko siku yake na kazi ya jumuiya siku yake nyingine, na ile kazi ni ya amri.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kazi ya nguvu. Kikundi cha futingi kinachotaka kusafisha kartie kifahamu hili tangu siku ya kwanza: hakipigi filimbi kwenye mlango wa mtu, hakiandiki majina ya wasiokuja, hakitozi faini kwa jirani aliyebaki ndani. Wanafanya, wanaondoka. Jirani akiona wiki tatu mfululizo kwamba maji ya mvua hayaingii tena katika ua wake, ya nne atatoka na jembe lake mwenyewe. Au hatatoka. Hiyo ni haki yake.

Burundi, kukimbia kulipogeuka kesi

Kuna upande mwingine ambao watu wa spoti hawapendi kuuzungumza. Burundi, kukimbia kwa vikundi mwisho wa wiki ni desturi ya miaka mingi; hata Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa mwalimu wa spoti, alipenda sana mambo hayo, na Jumamosi alionekana katika kazi za jumuiya. Nchi ambayo futingi na kazi za mikono vilikuwa jirani namna hiyo ingekuwa mfano mzuri. Lakini Machi 2014, vijana wa chama cha upinzani cha MSD waliokusanyika kukimbia Bujumbura walipambana na polisi. Watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye serikali ikakataza kukimbia kwa vikundi barabarani bila ruhusa, ikisema wengine wanajificha nyuma ya spoti ili kupanga fujo.

Kindu si Bujumbura, lakini eneo letu ni moja. Watu arobaini wenye jezi za rangi moja, wanaimba gizani, wanaenda kwa hatua moja: mtu asiyewajua atafikiri nini? Kifungo cha 26 cha Katiba kinawataka wanaoandaa maandamano barabarani wamjulishe mkubwa wa utawala kwa maandishi, na kinasema pia kwamba mtu halazimishwi kushiriki. Futingi si maandamano. Hata hivyo karatasi moja yenye jina la kikundi, siku, saa, njia watakayopita na kazi watakayofanya, ikipelekwa kwa shefu wa kartie na kwenye komini, na nakala yenye muhuri ikabaki mkononi, inaondoa maneno mengi. Nyimbo zisitaje chama wala mgombea. Na jezi zikitolewa na mwanasiasa, kikundi kinakuwa chake hata kama hakutaka. Hapa ndipo vikundi vingi vya vijana vinapasuka, si Kindu tu: leo wanakimbia wote, kesho nusu wamevaa rangi fulani na nusu nyingine wamebaki nyumbani.

Juu ya nini kila wiki

Tuseme karatasi imepita na watu wamekubali. Kazi gani? Kosa la kwanza ni kutaka kusafisha Kasuku nzima siku moja. Watu mia wanakuja, picha zinapigwa, na mwezi unaofuata kanivo imejaa vilevile.

Hesabu ya mbu inasaidia hapa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni karibu siku 7 hadi 14, kufuatana na joto. Maji yaliyosimama yakifunguliwa njia kila wiki, mayai mengi hayafiki mwisho wa safari yao. Yakifunguliwa mara moja kwa mwezi, vizazi viwili au zaidi vimekwisha kuruka. Kwa hiyo mita thelathini kila wiki, palepale, zinashinda kilomita mbili za siku ya sherehe. Lakini tusidanganyane: mbu wa malaria anapenda zaidi maji yaliyotulia na kupata jua, kama yale ya nyayo za magari, ya mashimo ya matofali na ya madimbwi ya mvua. Maji machafu ya kanivo yanapendwa na mbu wengine, wale wanaokesha wakiimba masikioni. Kikundi kinachotaka kupunguza malaria kiangalie pia mashimo ya barabarani, kiyajaze udongo, na wanachama waendelee kulala ndani ya chandarua. Faida kubwa ya kanivo iko upande mwingine: mvua kubwa ikinyesha, maji yakikosa njia yanapita kwenye vyoo, halafu kwenye visima na chemchemi. Kolera inapenda safari hiyo.

Jambo jingine ni lile rundo. Kila mtu ameliona: watu wanachimba kanivo, wanatoa matope meusi, wanayapanga vizuri pembeni, wanapongezana, wanaenda. Mvua ya kwanza inarudisha yote ndani, na sasa kuna watu wanaosema kazi ya kujitolea haina maana. Kazi inaisha rundo likiondoka. Afadhali kuchimba mita kumi na kubeba mita kumi kuliko kuchimba mia na kuacha. Brueti mbili na sehemu iliyokubaliwa na shefu wa kartie ya kutupa zina thamani kuliko majembe ishirini. Mchanga ukikauka unaweza kujaza yale mashimo ya barabarani. Plastiki itenganishwe.

Vyombo havikimbiliwi navyo, ni hatari. Mtu mmoja anatangulia na baiskeli au brueti, au vinalala kwa jirani wa pale. Mabuti na glavu ni lazima kwa wanaoingia ndani ya kanivo, maana kuna chupa zilizovunjika, na anayekutana na sindano asiiguse kwa mkono. Mwenye kidonda mguuni akae juu, asukume brueti. Mwisho wote wanaoga mikono na sabuni kabla ya kugawana mandazi. Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Nusu saa ya mbio na saa moja ya jembe ni karibu dakika 90, asubuhi moja tu.

Saa nayo ni siasa. Kikundi kikitoka saa kumi na moja gizani, wasichana wengi hawatakuja, na wazazi wao wana sababu. Kikitoka saa kumi na mbili, wako kwenye maji na fagio za nyumbani. Vikundi vinavyopata wanawake ni vile vinavyokubali kuanza baadaye kidogo, au vinavyopeleka kazi kule maji yaliko: mbio zinaishia kwenye chemchemi, vijana wa kiume wanasafisha njia ya maji na kujaza bido, na foleni inakwenda haraka.

Bido pia ni mlango wa kwenda kwa wale kocha wa Kindu, wazee wanaokaa peke yao. Bido ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mama wa miaka 70 hawezi kuipandisha mlima. Wanakimbiaji wawili, siku zote wawili na si mmoja, wanampelekea bido mbili kila siku ya posho, kwanza wakiwa wamezungumza na familia yake na shefu wa kartie. Wanakaa dakika kumi, wanasikiliza habari. Picha hazipigwi. Wiki ambayo hawataweza kuja wanatuma neno mapema, maana yeye amekwisha kuweka kiti nje.

Mvua zikiwa nyingi, mbio zinapunguzwa na jembe linaongezwa. Mwezi wa sita zikipungua, matope ya chini yanakauka, na ndiyo wakati wa kutoa ule mchanga mgumu ambao masika hayakuruhusu kuufikia.