Shule ya Pugu ni ya Nani?

Watu wakaao Kibamba, katika barabara ya Morogoro, wanavijua vilima vya Pugu na Kisarawe vilivyo upande wa kusini kwao, kwa sababu ya msitu wake na reli ya kati ipitayo hapo. Katika vilima hivyo, yapata kilomita 20 kutoka mjini Dar es Salaam, iko Shule ya Sekondari ya Pugu. Mgeni aionapo huuliza: je, shule hii ni ya Wakatoliki au ni ya Serikali? Jawabu lake ni refu kidogo, na yatupasa tuanze mbali.

Wamisionari Wabenedikto kutoka Udachi walifika Pugu mwaka 1888. Hawakukaa sana. Mwaka huo huo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka kuwapinga Wadachi waliotaka kuitawala nchi; na tarehe 13 Januari 1889 kituo cha Pugu kilishambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka mpaka walipokombolewa kwa fedha. Miaka mingi baadaye, zama za Waingereza, Kanisa Katoliki lilikuwa na shule kubwa ya wavulana katika vilima hivyo hivyo, nayo iliitwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko.

Zama hizo elimu iligawanywa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Na kwa Waafrika shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, Serikali ikizisaidia. Jirani ya Pugu ilikuwako shule ya Minaki, ambayo misheni ya Kiingereza ya UMCA iliihamisha kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Mzazi Mwislamu aliona mashaka kumpeleka mwanawe katika nyumba za namna hiyo, wala hofu yake haikuwa ya bure, maana misheni zenyewe hazikuficha kwamba zilijenga shule ili kueneza dini. Walakini si haki kusahau kwamba pasipo misheni hizo vijana wengi wasingalipata kabisa elimu ya juu ya shule ya msingi. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais tangu 1995 hata 2005, alisoma Pugu kabla ya kwenda Makerere.

Katika waalimu wa Pugu alikuwako Julius Nyerere, aliyerejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Alikaa hapo akifundisha, na siku za mapumziko akishuka mjini kwa shughuli za chama cha T.A.A., kilichogeuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague moja: ualimu au siasa. Akaacha kazi mwezi huo huo, akarudi kwao Butiama, hana mshahara, naye ana mke na watoto. Jina la Mwalimu lakini halikumwacha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ubaguzi wa rangi katika shule uliondolewa kwa sheria. Suala la dini lilibaki, kwa kuwa shule za misheni zilikuwa bado na wenyewe. Ndipo ikatungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na Serikali ya Rais Nyerere ikazitwaa shule hizo, Pugu miongoni mwake. Hivyo nyumba aliyoiacha kwa kulazimishwa ikawa chini ya Serikali yake. Wako waliosema kwamba Kanisa limedhulumiwa. Kwa maoni yetu, nchi changa yenye nafasi chache za sekondari isingaliweza kuacha nafasi hizo zigawanywe na madhehebu, ingawa ni kweli pia kwamba jengo likosapo mwenyewe wa karibu huchakaa upesi.

Basi jawabu ni hili: majengo yalianzwa na Kanisa, shule ni ya umma. Mtoto huingia kwa matokeo ya mtihani, haulizwi kabila wala dini. Na kipindi cha dini hakikufutwa: Mkristo hufundishwa ya kwake, na Mwislamu ya kwake.