RIWAYA ZA KUTISHA NA BIBI KIZEE WA NYUMBA YA TATU

Yapo malalamiko yanayosikika kila mara kwamba riwaya za kutisha zinawapotosha vijana wetu. Walimu husema zinawaondolea wanafunzi ari ya masomo. Viongozi wa dini husema zinamtukuza shetani. Na wazazi hulalamika kwamba mtoto akishasoma habari za misukule hathubutu tena kutoka nje usiku kwenda msalani. Mimi ni msomaji tu, mkazi wa Ilagala, mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika, na vitabu vya aina hii nimevisoma kwa miaka mingi na kwa furaha kubwa. Nakubaliana na walalamikaji kwamba upo ubaya. Lakini ubaya wenyewe, kwa maoni yangu, haupo pale wanapouonyesha.

Kitabu hakimdhuru mtu kwa kumkosesha usingizi usiku mmoja. Dhara huja katika ukurasa wa mwisho, pale mwandishi anapomkabidhi msomaji mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo akawa anafanana sana na bibi kizee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu: mjane, maskini, mwenye macho mekundu.

Hofu katika mwambao huu ni ya kale kuliko mitambo ya kuchapia. Stanley, alipokuwa akiikaribia Ujiji mwaka 1871, alisikia ngurumo ya mbali, akaambiwa na watu wa msafara kwamba ni Kabogo inayolia. Aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba wapita njia wa ziwani walikuwa na desturi ya kutupa nguo au shanga majini mahali hapo ili kumridhisha mungu wa ziwa. Yeye alidhani ni mawimbi yaingiayo mapangoni. Huenda. Lakini ajabu ya simulizi la Kabogo ni kwamba halimtaji jirani yeyote. Mvuvi aliogopa maji, akatoa shanga zake, akapita salama, na hakuna mtu aliyechomewa nyumba kwa sababu ya mawimbi.

Fasihi yetu andishi nayo ilianza vizuri. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi tuliisoma shuleni kama kitabu cha maadili na tusitambue kwamba kinatisha. Liwali wa Janibu, mtu mwadilifu anayesifiwa na kila raia, anawachapa manyani wawili viboko kila usiku, kisha anawafuta machozi na kuwaomba radhi. Manyani hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa kwa husuda yao, na amri ya kuwachapa imetoka kwa jini. Nawaomba maofisa wasomao safu hii wakumbuke kwamba siri hiyo ilijulikana kwa sababu mtumishi wa mfalme, aliyetumwa kwa habari za kodi, alilala nyumbani mwa Liwali na kuyaona. Sijasoma katika Kiswahili picha inayotisha kuliko hiyo, nayo haina damu hata tone.

Kisha alikuja Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, ambaye wenzetu wa visiwani wana haki ya kujivunia. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wamezoea kupeleka nadhiri, na kila kinywa kinajua jibu: mzimu umeua. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, naye anauliza maswali madogomadogo. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani atafaidika? Mwishowe tunagundua kwamba mizimu haina habari na jambo hilo, na kwamba aliyeua ana mikono miwili na sababu zake. Mwaka 1968 mwandishi huyohuyo alitoa Kisima cha Giningi, akatumia jina la mahali ambapo masimulizi ya Unguja na Pemba husema wachawi hukutana. Alijua kwamba jina hilo pekee litamfanya msomaji asogeze taa karibu.

Wapo wasemao Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Na iwe hivyo. Holmes wa London hakuwa na kazi ya kumwokoa kikongwe yeyote na kundi la watu wenye mapanga. Huku kwetu, kuuliza nani alimwona marehemu mara ya mwisho, kabla ya kwenda kwa mpiga ramli, ni jambo la uhai na mauti.

Naliandika neno hilo nikiwa na maana yake kamili. Katika Usukuma, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee kwa mamia wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotumiwa sana ni wekundu wa macho, wekundu ambao huletwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Kuanzia mwaka 2006 hivi yakaenea mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipiga marufuku shughuli za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mmoja. Katika mkoa wetu huu watoto wenye ualbino walikusanywa katika kituo cha Kabanga, Kasulu, wapate kulindwa. Watoto wakaishi nyuma ya ukuta kwa sababu ya hadithi! Maana imani ile, ukiichunguza, ilikuwa hadithi tu: ina tajiri, ina mganga, ina kiungo cha mwili, na ina mwisho mwema kwa mnunuzi.

Mkoa wetu unawafahamu pia kamchape. Hao hupita kijiji hadi kijiji wakidai kuwafichua wachawi na kutoa uchawi majumbani, na nyuma yao hubaki nyumba zilizobomolewa na familia zisizosemezana. Mtaalamu wa Kiingereza, Roy Willis, aliandika habari zao huko Ufipa mwaka 1968. Serikali imewakataza mara nyingi, nao wamerudi mara nyingi. Watumishi wa Serikali wanajua kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, waliyoiacha Waingereza, ingali katika vitabu vyetu, na kwamba ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu aliyetuhumiwa akaishi mahali pengine. Sheria hiyo, kwa namna fulani, ni riwaya fupi iliyoandikwa na mwandishi asiyeweza kuamua kama anaamini anachokiandika.

Wenzetu wa visiwani wasidhani kwamba nayasema haya kuhusu bara tu. Mwaka 1995 Popobawa alipozuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kuzunguka moto. Jambo hilo wengine hulisimulia kwa kicheko. Lakini mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye Popobawa, na huo ndio ukurasa wa mwisho ninaouzungumzia.

Sasa nizitazame riwaya za siku hizi. Zile zinazotolewa sehemu kwa sehemu magazetini, na sasa katika simu za mkononi, nyingi zimekatwa kwa kitambaa kimoja. Kijana anarudi kijijini kutoka mjini, anaota ndoto mbaya, shangazi hataki aingie chumba fulani, na chumbani mna msukule. Nimechoka kuwahesabu majini wa kike wenye sura nzuri na miguu ya kwato. Tangu filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilipopendwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila mwandishi amejiona hana budi kuwa na jini wake, na wote wanatembelea baa zilezile. Uchovu huo ningeusamehe. Nisichoweza kusamehe ni kwamba karibu kila mara anayefichuliwa ni mwanamke, ni mzee na ni maskini, na anayemfichua ni mganga mwenye huruma ambaye hakosei hata siku moja. Mwandishi hamuulizi mganga huyo swali hata moja kati ya yale ya Bwana Msa. Kamchape hawana haja ya kuchapisha matangazo.

Sisemi kwamba mwandishi asiuguse uchawi. C. G. Mung'ong'o aliugusa katika Mirathi ya Hatari, mwaka 1977, na kijana wake Gusto, anayerithishwa uchawi na baba yake, anatutisha kwa sababu tunamwonea huruma. Mchawi ndiye tunayemfuata tangu mwanzo. Tunaingia ndani ya moyo wake, na mzigo wake tunaubeba naye. Msomaji wa kitabu hicho haondoki na hamu ya kumchoma mtu nyumba. Naye Gabriel Ruhumbika, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, katika Janga Sugu la Wazawa ya mwaka 2002, ameionyesha imani ya uchawi kama ugonjwa unaopita kizazi hadi kizazi. Kitabu hicho si chepesi, na kuna mahali kinahubiri kuliko ninavyopenda. Hata hivyo ningekiweka mezani kwa kila ofisa tarafa wa kando ya maziwa yetu.

Kwa maofisa wa ngazi za juu ninacho kingine. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Mkubwa mmoja, aitwaye kwa herufi moja tu, K, ana nyumba, ana gari, ana walinzi. Babu yake aliyekwisha kufa anamjia na kumtembeza ayaone maisha ya watu aliowasahau. Hapo mzimu haumtafuti mjane maskini. Unapanda ngazi, unabisha hodi kwa mwenye cheo, na mwenye cheo hana mganga wa kumkinga. Nadhani ndiyo maana kitabu hicho hakizungumzwi sana maofisini.

Yupo pia marehemu Ben Mtobwa, mwana wa mkoa huu wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008. Salamu Toka Kuzimu ni jina la kumtisha hata shujaa, ingawa kazi yenyewe ni ya upelelezi na mhusika wake ni Joram Kiango. Alijua siri moja ambayo wafuasi wake wameisahau: sentensi fupi, na mtu anayegonga mlango saa nane za usiku, vinatosha.

Aidha, isifikiriwe kwamba hadithi za kutisha za watu wa kawaida ni ujinga mtupu. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya simulizi za mumiani na wazimamoto wanaonyonya damu, zilizoenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Badala ya kuzicheka, alizisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala ule: wageni wenye magari na mabomba, wanaochukua kitu kutoka miilini mwa watu bila kueleza. Hofu ile ilimwelekea mwenye nguvu. Ukiilinganisha na hofu inayomwelekea bibi kizee, unaona tofauti bila kuhitaji mwalimu.

Wageni nao wamekwisha kutuandikia. Mamba Gustave wa Ruzizi, upande wa Burundi, alitengenezewa filamu na Wamarekani mwaka 2007, iitwayo Primeval. Ndani yake waandishi wa habari kutoka Marekani ndio wenye majina na hisia, na watu wa ziwa ni chakula. Sisi tunaokaa kwenye mlango wa Malagarasi tunamjua mamba kwa namna nyingine: tunajua saa ambazo wanawake hawaendi mtoni peke yao, na tunajua jinsi kijiji kinavyonyamaza ndoo inapokutwa bila mwenyewe. Mtu wa Hollywood hakuwa na nafasi ya ukimya huo.

Malighafi, basi, haikosekani. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na chini ya mita 200 hivi maji yake hayana hewa ya oksijeni, wala samaki hawezi kuishi humo. Kila usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa zao juu ya maji hayo mafu. Ipo meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina jingine, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya kupakwa mafuta mazito mitamboni isipate kutu, ikainuliwa mwaka 1924 na kuanza tena safari mwaka 1927. Miaka minane chini ya maji, kisha ikapanda tena na kupakia abiria. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kulala katika vyumba vyake usiku? Alisikia nini? Kijana wa Ujiji, wa Kalya au wa Ilagala atakayeliandika hilo, akalifuata bila mganga wa kumpa jibu la haraka na bila kumtwisha lawama ajuza yeyote, nitakinunua kitabu chake siku kitakapofika Kigoma, na nitakisoma mchana.