Mashine ya Kukaushia Nguo Ikikataa Kuwaka

Anayeishi Cheptiret hahitaji kuambiwa Julai ilivyo. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua huanza Aprili na haina haraka ya kwisha, na blanketi lililofuliwa Jumatatu bado lina unyevu Alhamisi. Ndiyo sababu kikundi kinachofua nguo kwa malipo, ziwe za loji za kando ya barabara ya Nakuru au za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, hakikawii kuanza kuwaza mashine ya kukaushia. Nyingi ya mashine hizi hutufikia zikiwa mitumba. Zinafanya kazi vizuri tu, halafu siku moja mtu anabonyeza, na kimya.

Hapo ndipo pesa za kikundi hupotea. Fundi anaitwa kutoka Eldoret, nauli inalipwa, anafungua kifuniko, anasema mota imeungua, na mweka hazina anaombwa maelfu. Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Tunataka kueleza ni nini huizuia mashine kuwaka, ili mjue mambo ya kuangalia wenyewe bila gharama, na maswali ya kumwuliza fundi.

Kwanza tuelewane: mashine hii imetengenezwa ikatae. Ndani yake kuna koili ya moto kama ya jiko la stima, feni ya kusukuma hewa, na ngoma ya chuma inayozungushwa na mota kwa mkanda. Nguo kavu na koili ya moto ndani ya sanduku moja ni jambo la hatari. Kwa hiyo waliweka walinzi njiani, kila mmoja akiwa na uwezo wa kukata stima: swichi ya mlango, fyuzi ya joto, na katika mashine nyingine swichi ya mkanda. Ni kama maji ya shamba yanayopita mfereji mmoja wenye vizuizi kadhaa. Kimoja kikifungwa, hata kama vingine vyote viko wazi, mboga hazipati kitu. Kazi yenu ni kutafuta ni kipi kimefungwa, na pia kujua kwa nini.

Anzeni ukutani. Kuna wanaocheka tukisema hivi, lakini tokeni zikiisha mashine haina habari na fundi. Angalieni meinswichi kama imeruka. Kisha jaribuni soketi, na hapa wengi hudanganyika: wanachomeka chaja ya simu, ikichaji wanasema stima iko. Chaja hula kidogo mno. Soketi iliyolegea au iliyoungua ndani yaweza kuitosheleza chaja na bado ishindwe na mashine. Tumieni pasi. Pasi huvuta zaidi ya wati 1,000, na ikishika moto vizuri bila soketi kutoa harufu wala mlio, basi mna sababu ya kuiamini.

Mashine ya nyumbani iliyotengenezewa stima yetu ya volti 240 huvuta kama wati 2,000 hadi 2,800, yaani kati ya ampea 8 na 12. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ndani, na kwa mashine hii ni lazima iwe ya ampea 13. Ile ya 3 au ya 5 iliyotolewa kwenye plagi ya redio haitadumu. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara nayo si fyuzi, hata kama imekuwa ikifanya kazi tangu Krismasi. Na kama stima inafika kwa waya mwembamba wa ekstensheni uliozungushwa sakafuni, ondoeni huo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukuta ukiwa sawa, nendeni kwa mlango. Ufungeni kwa kuusukuma mpaka msikie "tik". Msipousikia, huenda soksi imebanwa, au kiulimi kinachobonyeza swichi kimevunjika. Kisaa cha kuzungusha nacho lazima kipite alama ya kuzima, maana kikisimama hapo katikati mashine haiwaki. Zenye vitufe zina kufuli ya watoto, kwa kawaida ikiwa na alama ya ufunguo, ambayo hufunguka ukishikilia kitufe sekunde chache. Na zile zisizo na bomba la kutoa hewa nje hukusanya maji kwenye tangi. Likijaa, zinagoma mpaka mwage.

Hayo yote hayahitaji bisibisi. Yafuatayo yanahitaji, kwa hiyo chomoeni plagi. Hatusemi mzime swichi, tunasema mchomoe, na aliyesimama kwenye sakafu yenye maji ya kufulia akae mbali.

Mashine ikiwa kimya kabisa na mlango ni mzima, mshukiwa mkubwa ni fyuzi ya joto. Ni kidude kidogo chenye ncha mbili za waya, mara nyingi karibu na njia ya feni au ya koili. Joto likizidi kiasi kilichowekwa, inakatika, na katika mashine nyingi haijirudishi. Fundi huipima kwa multimita: waya zikiwa zimetolewa, nzima husoma karibu na sifuri, iliyokatika haisomi chochote. Ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na mota, na ndiyo maana tunawaomba mtake ipimwe mbele yenu kabla hamjakubali kununua mota.

Lakini fyuzi hii haikatiki bure. Nguo zikizunguka hutoa vumbi la nyuzi, kama pamba ya kijivu. Kichujio hukamata sehemu, nyingine hupita na kujikusanya ndani na kwenye bomba la kutolea hewa. Bomba likiziba, hewa ya moto haina pa kwenda, joto linapanda, fyuzi inakatika. Mkibadilisha fyuzi bila kusafisha bomba, itakatika tena na mtasema kipuri kilikuwa feki. Toeni bomba lote, lisafisheni kwa fimbo na kitambaa, angalieni mdomo wake wa nje kama ndege au nyigu hawajajenga, na kichujio kisafishwe kila baada ya mzigo mmoja.

Kuna mafundi ambao, wakikosa kipuri, huunganisha waya mbili moja kwa moja na kuiruka fyuzi. Mashine inawaka, kila mtu anafurahi, fundi analipwa. Kwa maoni yetu heri mashine ikae imezimwa mwezi mzima. Nyuzi zile hushika moto upesi sana. Kule Uingereza mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mashine zake za kukaushia zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zenye majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na hatari ya nyuzi kugusa koili na kuwaka. Agosti 2016 ghorofa moja mtaa wa Shepherd's Bush, London, liliungua, na zimamoto wa London walisema moto ulianzia kwenye mashine ya Indesit. Mwaka 2019 kampuni ikaanza kuziita mashine ambazo hazijarekebishwa zirudishwe. Mashine hizo zilikuwa na walinzi wao wote. Yenu iliyoondolewa mlinzi, ndani ya chumba cha mbao, je? Anayenunua mtumba kutoka huko asome jina na umri wake kwanza.

Sasa, kama mashine si kimya bali inanguruma "mmmm" bila kuzunguka, hilo ni tatizo lingine. Izimeni mara moja, maana mota iliyokwama huku ikipokea stima hupata moto haraka, na hapo ndipo huungua kweli. Chomoeni, mzungushe ngoma kwa mkono. Ikikwama, kuna kitu kimenaswa. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika. Ikizunguka kama siku zote, huenda kapasita ya kuanzishia mota imechoka. Hiyo mwachieni fundi, kwa sababu kapasita yaweza kuhifadhi stima na kumpiga mtu hata plagi ikiwa imechomolewa.

Lakini ngojeni kidogo. Je, ilinguruma jioni, wakati taa za nyumba nzima ni hafifu? Mota huhitaji nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza kuliko ikishazunguka. Walio mwisho wa laini, ambako mashine ya posho na mashine za kuchomelea vyuma zinavuta stima ileile, wanajua volti hushuka. Jaribuni asubuhi mapema. Ikiwaka vizuri, mashine haina kosa, na shida ni ya kupeleka kwa kampuni ya umeme. Jenereta ndogo ya wati 1,000 nayo isipewe kazi hii kabisa.

Limebaki jambo la mashine za Marekani, na kwetu si dogo, kwa kuwa nyumba nyingi za hapa zina mtoto au shemeji kule na zawadi huja. Stima ya Marekani ina mizunguko 60 kwa sekunde, yetu ina 50. Mashine zao kubwa za stima huunganishwa kwa waya mbili za moto zinazotoa volti 240 kwa koili, lakini mota hutumia volti 120, kati ya waya mmoja na nyutro. Kwetu mpangilio huo haupo. Fundi akiunganisha 240 bila kuelewa, ama mota haipati kitu, ama inapewa mara mbili ya haki yake na kuungua. Tena koili yake huwa ya kama wati 5,000, ambazo soketi ya kawaida haiwezi kubeba. Hata mkinunua transfoma ya kushusha volti, mota itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, na itapata joto zaidi. Kabla jamaa hajalipia kontena, mwambieni apige picha kile kibandiko kilicho nyuma au kwenye fremu ya mlango. Kikisema 120/240 V na 60 Hz, aiuze hukohuko awatumie pesa. Mnayoitaka ni ya 220 hadi 240 V, 50 Hz.

Fundi akija, aseme ni mlinzi gani aliyekata, awaonyeshe kipimo, na kipuri cha zamani kibaki kwa kikundi, kiandikwe kwenye kitabu cha mradi pamoja na tarehe na bei. Nguo za wateja zisiachwe ndani ya ngoma mkimngoja, kwani zitanuka kabla ya kesho. Zitandazeni kwenye kamba chini ya kibanda kilichoezekwa kwa nailoni ya kupitisha mwanga, pande mbili zikiwa wazi ili upepo upite, na mashati yapewe nafasi kuliko mashuka.