Kutoka Kilwa hadi Tejo: Yanayoonekana Ukiwa Ndani ya Yoti Lisbon

Mama mdogo alipokuja Lisbon kunitembelea kutoka Kilwa Masoko, siku ya pili tu aliomba nimpeleke baharini. Nikamwambia maji yale anayoyaona kutoka roshani si bahari, ni mto, unaitwa Tejo. Akayatazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mto gani huu unaokupwa na kujaa?"

Alikuwa ameliona jambo ambalo wageni wengi hulipita. Tejo una urefu wa kilomita zipatazo 1,000 na chanzo chake kiko milimani Uhispania, lakini ukifika Lisbon unatanuka na kuwa hori pana lenye maji ya chumvi. Siku za bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Bahari huingia hadi mlangoni mwa mji, na ni kwa mlango huo zilitoka merikebu za Wareno zilizokuja kutukuta Mombasa, Malindi na Kilwa.

Ndiyo maana nimeona niandike haya. Jamaa wengi wanaopita hapa hupanda yoti kwa saa mbili, wakapiga picha, wakashuka. Masimulizi wanayopewa huanza merikebu zinapoondoka na huishia zinaporudi na mali. Katikati, pale ziliposhusha nanga, ndipo tulipo sisi. Mtu wa pwani akishuka yotini bila kuijua sehemu hiyo, amesikia nusu tu ya habari zake mwenyewe.

Kwa nini watu 12

Matangazo mengi ya safari hizi yanasema abiria hawazidi 12. Sababu yake ni sheria kwanza, starehe baadaye. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, unakihesabu chombo chenye abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, na meli ya abiria ina masharti mazito ya ujenzi na vifaa. Nchi nyingi zimeifuata hesabu hiyo, na wenye yoti ndogo hukomea hapo.

Kwa msafiri hiyo ni heri. Nahodha anakaa hatua mbili kutoka ulipo, mkono kwenye usukani, na unaweza kumuuliza lolote. Tena yoti hupita karibu na ukingo, na mji huu ulijengwa utazamwe kutoka majini. Jumba la mfalme, monasteri na mnara vyote viliuelekea mto, kwa kuwa wageni wa heshima walifika kwa chombo.

Sisi tulipandia Doca de Santo Amaro, gati dogo lililo chini kabisa ya daraja kubwa jekundu. Nahodha alituvisha majaketi ya kujiokolea, akatuonyesha pa kukaa, akafungua kamba. Alipokuwa akimwelekeza kijana wake kwa Kireno, mama mdogo alinishika mkono. Alikuwa amesikia *bandeira*, na bendera ilikuwa ikipepea nyuma ya yoti. Akasikia *mesa*, na kijana akakunjua meza ndogo. Chupa ya *vinho* ilipotokea hakuhitaji tafsiri ya mvinyo, akaomba maji. Nikamwambia hata leso aliyojifunga kichwani jina lake ni *lenço* la Wareno. Maneno haya tunayatumia kila siku bila kukumbuka yalikuja na nani. Yalikuja kwa njia hii ya maji tuliyokuwa juu yake.

Daraja lenye tarehe ya Nachingwea

Kitu cha kwanza kukipita ni daraja lenyewe. Lina urefu wa mita 2,277, na magari yanapopita juu ya wavu wa chuma wa barabara yake, sauti inayoshuka majini ni kama ya nyuki mzingani. Lilifunguliwa Agosti 1966 likaitwa kwa jina la Salazar, mtawala wa kiimla wa Ureno. Leo linaitwa 25 de Abril, yaani tarehe 25 Aprili.

Tarehe hiyo, mwaka 1974, maofisa vijana wa jeshi la Ureno waliipindua serikali yao. Walikuwa wamechoshwa na vita vya Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji, vita walivyoona havina ushindi. Na vita vya Msumbiji vilikuwa na mizizi Tanzania. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, katika mkoa huohuo wa Lindi anakotoka mama mdogo. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 3, 1969. Chini ya Samora Machel mapambano yakaendelea, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kwa hiyo jina la daraja hili limo pia katika historia ya kusini mwa Tanzania. Wareno walijikomboa kutoka kwa udikteta wao, na miongoni mwa waliowafikisha hapo ni vijana waliokuwa wakila ugali Nachingwea. Mama mdogo anawakumbuka wageni wa Msumbiji wa utotoni mwake. Hakujua kwamba walikuwa wakilibadilisha jina daraja la Lisbon.

Uwanja uliomezwa na maji

Ukielekea mashariki unafika Praça do Comércio, uwanja mpana uliofunguka upande wa mto, wenye ngazi za mawe na nguzo mbili zinazoingia majini. Wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri halipo tena.

Hapo palikuwa na jumba la mfalme, na kando yake Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi. Pilipili manga, mdalasini, dhahabu na vitambaa viliorodheshwa hapo. Barua na hesabu zilizohusu Sofala, Kilwa na Mombasa zilipita mikononi mwa makarani wa ofisi hiyo.

Novemba 1, 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, ardhi ilitetemeka. Waliosalimika walikimbilia ukingoni kuyakwepa majengo. Maji ya mto yakarudi nyuma hadi sakafu ikaonekana, kisha yakaja kwa kishindo. Moto ukafuata ukawaka kwa siku kadhaa. Kasri likaangamia, na kumbukumbu za Casa da Índia zikaangamia nalo. Mji huu ulipoteza nyaraka zake, nasi tukapoteza sehemu ya zetu bila kuwapo.

Majengo ya rangi ya manjano unayoyaona sasa yalijengwa baada ya hapo, chini ya waziri tunayemjua kwa cheo cha Marquês de Pombal. Ndani ya kuta zake mafundi waliweka fremu za mbao zilizopandana kama tundu la ndege, ili nyumba iyumbe bila kuporomoka. Ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo Ulaya ya kujenga mji mzima kwa kuzingatia tetemeko.

Belém: mahali pa kuondokea

Jua likianza kushuka, nahodha hugeuza yoti kuelekea magharibi. Mchana wa kiangazi upepo wa kaskazini, wanaouita nortada, huwa umeshaamka. Injini ikazimwa, tanga likapandishwa, yoti ikalala ubavu. Abiria wawili wakashika kingo kwa woga. Mama mdogo alikaa upande wa joshi bila kuambiwa, kama mtu aliyekulia kwenye mashua.

Belém ndipo Vasco da Gama alipoondokea Julai 8, 1497, akiwa na vyombo vinne. Alifika Mombasa Aprili 7, 1498, na Malindi wiki moja baadaye. Mfalme wa Malindi alimpa rubani anayeijua njia ya pepo. Waliondoka Aprili 24, na Mei 20 walikuwa wamefika Calicut, India. Miezi tisa ya kuizunguka Afrika, kisha siku 26 za kuvuka bahari mikononi mwa mtu aliyeijua.

Ukingoni limesimama Padrão dos Descobrimentos, mnara wa jiwe wenye umbo la chombo kinachotaka kuondoka, uliojengwa kwa kudumu mwaka 1960. Wamechongwa humo watu 33: mfalme, manahodha, mapadri, mshairi Camões. Rubani wa Malindi hayumo. Ukipita mbele yake, mtafutie nafasi akilini mwako, karibu na usukani.

Nyuma yake kuna monasteri, Mosteiro dos Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa fedha za kodi ya biashara ya viungo. Kaburi la Vasco da Gama limo humo. Mbele kidogo ni Torre de Belém, mnara wa ulinzi uliokamilika karibu mwaka 1519, sehemu yake iliyopambwa zaidi ikiwa imeuelekea mto. Vyote viwili ni Urithi wa Dunia tangu 1983. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia katika orodha hiyo miaka miwili kabla, 1981.

Kile ambacho yoti hukipita kimyakimya

Kati ya daraja na uwanja, juu ya mwinuko mkali unaotazama mto, lipo jengo ambalo nahodha wetu hakulitaja: Museu Nacional de Arte Antiga, katika mtaa wa Janelas Verdes. Ukishuka, tenga nusu siku kesho yake uende.

Historia ya kitu kimoja kilichomo inaanza kwetu, mwaka 1502. Vasco da Gama alirudi pwani yetu na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga. Akamtisha Amir Ibrahim wa Kilwa kwamba atauteketeza mji asipolipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kilwa ilikuwa tajiri kwa dhahabu iliyotoka bara la Zimbabwe kupitia Sofala. Ibn Battuta aliyeufikia mji huo mwaka 1331 aliusifu kwa uzuri wake. Amir akalipa mithkali 1,500 za dhahabu. Hata hivyo Julai 1505 kundi la Francisco de Almeida lilikuja likauteka mji na kuupora, na ngome ikaanza kujengwa. Jina Gereza inaloitwa ngome ya Kilwa mpaka leo ni *igreja* ya Wareno, yaani kanisa.

Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kuwekea hostia, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kwa ajili ya monasteri ya Belém. Fundi alikuwa Gil Vicente, na kazi ilikwisha 1506. Chombo hicho, Custódia de Belém, kimo ndani ya kioo katika makumbusho hayo: minara myembamba kama ya kanisa, na mitume 12 wamepiga magoti, wamepakwa rangi. Kwenye kitako yamezungushwa maandishi yanayosema mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tulienda asubuhi iliyofuata. Mama mdogo alikizunguka kile kioo mara mbili. Nikamwonyesha neno lenyewe, akalifuata kwa kidole hewani, herufi baada ya herufi, mpaka likawa Kilwa. Hakusema kitu. Alisogea karibu zaidi, na mlinzi wa chumba akaja haraka kumkataza.

Nikamwambia kwa Kireno kwamba huyu ni mama yangu, na kwamba anatoka hapo palipoandikwa. Mlinzi akayatazama maandishi, akamtazama yeye. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamwacha.