Je, Wajua? Patenti ya Mchuuzi wa Baraka

Je, wajua kwamba mchuuzi wa ndagala, chumvi au sabuni katika soko la Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwenye kampuni kubwa hawaongozwi na hati moja? Sheria ya Kongo ya tarehe 2 Agosti 1979 inamtaka mfanyabiashara mdogo awe na patenti, yaani kibali cha kufanya biashara ya rejareja au kutoa huduma ndogondogo, na inawatengea raia wa Kongo peke yao biashara hiyo.

Biashara iliyo kubwa kuliko hiyo huandikishwa katika RCCM, ambayo ni daftari rasmi la wafanyabiashara na dhamana zao, linalofuata kanuni za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Mwaka huohuo serikali iliunda Guichet Unique, yaani dirisha moja, ili mwombaji apate uandikishaji, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi mahali pamoja, badala ya kuzunguka ofisi nyingi.