Likasi: Wanasaka mimba kwa miaka, kumbe yai halipevuki

LIKASI – Katika mitaa ya Kikula na Panda, mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza hupata jina jipya. Jana aliitwa kwa jina la ubatizo, leo ni Mama Ilunga au Mama Mwamba, na ndivyo atakavyoitwa sokoni, kanisani na kwa wakwe hadi uzeeni. Asiyezaa hubaki na jina la ujana wake. Kibemba kina neno kwa ajili yake, ng'umba, na si neno la kumwambia mtu usoni.

Tupo katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke. Mahali kama hapa, mwaka mmoja wa ndoa bila mimba ni muda mrefu, na miaka mitatu ni kikao cha familia. Mke ndiye anayeulizwa, na ndiye anayetumwa kutafuta dawa.

Kwa sehemu ya wanawake hao, kinachokosekana ni jambo moja tu: yai halipevuki, halitoki. Miongoni mwa sababu kuu za hali hiyo ni ugonjwa wa homoni ambao madaktari wa Kongo huuandika kwa herufi za Kifaransa SOPK, na wenzao wa Ndola au Nairobi huuita PCOS. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanao, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 walio nao hawajawahi kuambiwa.

Jina lenyewe linapotosha. Mtu akiambiwa ana vifuko vingi kwenye ovari hudhani ni uvimbe wa kukatwa kwa upasuaji. Sivyo. Kila mwezi ovari huanza kukuza mayai kadhaa, kila moja ndani ya kifuko chake kidogo chenye maji, kisha moja hutangulia, likapevuka na kutoka. Kwa mwenye SOPK safari hiyo hukatika njiani. Vifuko husimama vikiwa bado vidogo, vikajipanga pembeni mwa ovari, na hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye ekografi. Nyuma yake kuna homoni za kiume zilizozidi kiasi. Kwa wengi, pia, mwili huwa mgumu kuitikia insulini, hivyo kongosho huiongeza, na insulini hiyo nyingi nayo huichochea ovari kutoa homoni za kiume zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliuelezea mwaka 1935. Kwa hiyo si ugonjwa mpya, wala si ugonjwa wa wazungu.

Kalenda kabla ya mashine

Habari njema kwa mji usio na maabara kubwa ni kwamba kipimo cha kwanza hakina bei. Ni kuandika tarehe. Hedhi inayokaa zaidi ya siku 35 kabla ya kurudi, au inayokuja chini ya mara nane kwa mwaka, inasema kwamba yai halitoki inavyopasa. Wengi huichukulia hali hiyo kama tabia tu ya mwili wao, hasa waliozoea tangu usichana kukaa miezi miwili au mitatu bila kwenda mwezini. Daktari asipouliza swali hilo, mgonjwa hatalitaja.

Tangu wataalamu walipokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, kanuni ya kuutambua ugonjwa ni mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio; dalili za homoni za kiume, kama ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha au kipimo cha damu kinachozionyesha; na ovari zenye vifuko vingi kwenye ekografi. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema kwa mtu mzima mwenye mambo mawili ya kwanza, ekografi si ya lazima. Kinacholazimika ni kuhakikisha kwamba tatizo halitoki kwenye tezi ya shingo au kwenye prolaktini, homoni ya maziwa, kwa sababu hizo nazo huvuruga hedhi na zina dawa zake.

Na hapa kuna jambo la kusisitiza. Si kila mwenye ugonjwa huu ni mnene. Wapo wembamba, na hao ndio hupitwa kirahisi zaidi.

Kwa nini watu wanatibiwa kitu kingine

Ni rahisi kuwalaumu wauguzi wanaoandika antibiotiki kila mwanamke anapolalamika kwamba hashiki mimba. Lakini mazoea hayo yana historia. Utafiti mkubwa wa WHO, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, uliuliza iwapo Afrika ni tofauti na kwingineko katika utasa, na jibu likawa ndiyo: maambukizi yaliyoziba mirija ya uzazi yalikuwa mengi kuliko sehemu nyingine za dunia. Kizazi kizima cha wahudumu wa afya kilifundishwa kufikiria mirija kwanza, na hawakukosea. Kosa linakuja pale mwanamke yule yule anapopewa duru ya tatu au ya nne ya antibiotiki kwa maambukizi ambayo hakuna kipimo kilichoyaonyesha, ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Zahanati isipomsaidia, kuna mganga wa miti shamba, na kuna vyumba vya maombi. Sina neno la kumwambia mtu anayeomba. Lakini mchungaji anayemwambia mwanamke aache dawa, au mganga anayempa mchanganyiko asioujua kwa miezi sita, anamgharimu kitu ambacho hakirudi, yaani umri. Baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hushuka kwa kasi, awe na SOPK au asiwe nayo.

Kuna pia dirisha la duka la dawa. Klomifeni, ambayo wengi huijua kwa jina la Clomid, ni dawa halisi ya tatizo hili, na imewapa watoto wanawake wengi duniani tangu miaka ya 1960. Shida ni kuinunua kwa ushauri wa jirani. Aliyeziba mirija haitamsaidia kitu. Ambaye mume wake hana mbegu za kutosha haitamsaidia vilevile. Na ovari inaweza kuitikia kupita kiasi ikavimba, au mayai kadhaa yakatoka pamoja. Waluba wana majina ya heshima kwa mapacha, Kyungu na Kabange, na mama yao hupata hadhi yake. Lakini mimba ya mapacha, na zaidi ya watatu, ni mimba ya hatari mahali ambapo watoto njiti hawana mashine za kutosha.

Vidonge vya siku tano

Dawa inayopendekezwa leo kwanza ni nyingine, letrozoli. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na katika nchi nyingi kikaratasi chake hakitaji kutibu utasa miongoni mwa matumizi yake, jambo linalowashtua wagonjwa wanaokisoma nyumbani. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walilinganisha dawa hizo mbili kwa wanawake 750 wenye PCOS, kwa hadi mizunguko mitano. Waliopata mtoto aliye hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Humezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, kisha daktari huangalia kama yai limetoka.

Tusitie chumvi: hata kwa dawa bora, katika utafiti ule zaidi ya wanawake saba kati ya kumi hawakupata mtoto ndani ya mizunguko hiyo. Kwao hufuata metformini, dawa ya kisukari, ikiambatanishwa na nyingine (peke yake ni dhaifu zaidi), kisha sindano za homoni, upasuaji mdogo wa kutoboa ovari, na mwisho mimba ya maabara. Hiyo ya mwisho ipo katika ukanda wetu: Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Kwa familia ya Likasi ni safari na bei isiyosemeka. Ndiyo maana hatua za kwanza, ambazo ni vidonge, zinapaswa kufanywa vizuri.

Kwa wenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi kwa baadhi yao. Hakuna chakula cha ajabu kinachohitajika. Bukari ipungue kwenye sahani, sombe na lengalenga viongezeke, na vinywaji vya sukari vibaki dukani. Kumwambia mgonjwa apungue uzito na kumrudisha nyumbani bila kingine si matibabu.

Anayelipa ni nani

Mji huu ulipoitwa bado Jadotville, kabla ya 1966, uzazi ulikuwa hesabu ya kampuni. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga iliwahimiza wafanyakazi kuishi kambini na wake zao, ikaweka huduma za wajawazito na watoto wachanga, na posho ikafuata ukubwa wa familia. Gécamines iliyoirithi iliendelea kuwatibu wafanyakazi na jamaa zao katika hospitali zake, ikiwemo ya Daco huko Panda. Kisha shaba ikaporomoka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Pamoja na mshahara, familia zao zilipoteza daktari.

Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo. Ni hatua kubwa. Lakini inamhusu aliyekwisha kushika mimba na mtoto wake mchanga. Anayeitafuta mimba hulipa mwenyewe, na kama kipimo cha homoni hakipatikani karibu, huongeza nauli ya kilomita zipatazo 120 hadi Lubumbashi. Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 2023, WHO ilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na utasa wakati fulani wa maisha yake, na kwamba katika nchi nyingi gharama hutoka mfukoni kwa mgonjwa. Mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu utasa ulikuja Novemba 2025.

Mume naye apimwe

Kwa karibu nusu ya wenzi wasiopata mtoto, mwanamume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko picha ya mirija na hakina maumivu. Kwa akili ya kawaida kingetangulia. Hutanguliwa na kila kitu kingine, kwa sababu anayeugua kwa macho ya ukoo ni mke.

Likasi ina sababu ya ziada ya kumtazama mwanamume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji ulikuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana katika mikojo ya wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2020, jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Lubumbashi uliohusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Hakuna kati ya tafiti hizo uliosema kwamba moshi wa Shituru huleta SOPK, na anayewaambia wagonjwa hivyo anabahatisha. Lakini mwanamume anayechimba au kuyeyusha madini amtajie daktari kazi yake.

Hata asiyetaka mtoto tena asiupuuze ugonjwa huu. Hedhi isipokuja kwa muda mrefu, utando wa mji wa mimba huzidi kunenepa na hatari ya saratani yake huongezeka, na kisukari huwapata wenye SOPK zaidi ya wengine. Kwa hiyo miezi mitatu bila hedhi, pasipo mimba, ni sababu ya kumwona daktari.

Na kwa yule ambaye hatimaye kipimo kimesema ndiyo, hupenda kufunga ukurasa na kutoutaja tena ugonjwa. Amtajie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Wenye SOPK hupata kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu mara nyingi kuliko wenzao, na sukari yake inapaswa kupimwa mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na ya 28, hata kama anajisikia mzima kabisa.