Safari ya Kupiga Picha Maporomoko ya Maji



Je, umewahi kuona kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji? Maji huonekana meupe na laini kama shuka. Picha hiyo hupigwaje? Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu ili isitikisike. Kisha jicho lake huachwa wazi kwa muda, labda sekunde moja. Maji yanayopita katika muda huo huacha mstari mweupe katika picha.

Kijana mmoja wa Mbagala, wilaya ya Temeke, aliagizwa picha kama hiyo. Yeye huishi kwa kupiga picha za harusi. Mwenye duka anayeuza kalenda alimpa fedha za mafuta ya gari. Basi mwezi wa Aprili mwaka 2023 tuliondoka watu watatu: yeye, dereva na mimi.

Tulikusudia kwenda Sanje, katika Milima ya Udzungwa, mkoa wa Morogoro. Huko maji huanguka kwa hatua, jumla mita 170 hivi. Msitu ule ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Mwaka 1979 wataalamu waligundua humo aina ya kima ambayo hawakuijua. (Wenyeji walikuwa wakimjua zamani.)

Tuliondoka saa 10 alfajiri. Tulitaka kufika, kupanda mlima na kurudi siku ile ile. Mpango huo ulikuwa mbaya tangu mwanzo, kwa kuwa njia ni ndefu. Tena mwezi wa Aprili ni masika. Baada ya Chalinze tairi lilipasuka. Tukatoa tairi la akiba. Nalo halikuwa na upepo! Tulipoteza saa tatu. Mikumi hatukuweza kukimbiza gari, maana barabara hupita ndani ya hifadhi na wanyama huvuka. Ukimgonga mnyama unatozwa faini.

Tulifika Mang'ula saa 10 jioni.

"Leo haiwezekani, ndugu zangu," alisema mwongozaji. "Kwenda Sanje na kurudi ni karibu saa nne. Mtashikwa na giza msituni."

Tukalala. Usiku mvua ikanyesha sana. Asubuhi mwongozaji alikataa tena, kwa sababu mawe yalikuwa yanateleza. Alitupeleka kwenye maporomoko madogo karibu na ofisi ya hifadhi. Yanaitwa kwa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi. Kijana akaanza kusimamisha stendi yake. Akakanyaga jiwe lenye maji, akaanguka. Hakuumia, lakini kamera ilizama.

Aliitoa haraka, akataka kuiwasha aone kama ni nzima. Mwongozaji akamshika mkono. Je, unajua kwa nini? Umeme ukikutana na maji ndani ya kamera huunguza vyombo vyake. Kwanza toa betri. Toa na kadi, yaani kile kipande kidogo kinachotunza picha. Futa kwa kitambaa kikavu, fungua vifuniko vyote, kisha uiache kivulini penye upepo siku kadhaa. Usiikaushe kwa moto.

Kijana alikaa juu ya jiwe, kadi mkononi, kimya. Mle ndani mlikuwa na picha za harusi ya Tandika ya wiki iliyopita. Hakuwa amezihamisha. Bibi harusi alikuwa bado anazisubiri. Harusi hairudiwi ili ipigwe picha!

Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza sana.

Kadi ilipokauka, aliiweka katika kompyuta ya rafiki yake. Picha zote zilikuwamo. Kamera iliwaka siku ya nne, lakini kioo chake kina ukungu mpaka leo. Jumamosi iliyofuata alikodi kamera ya mwenzake ili asikose kazi.

Na ile picha ya kalenda? Dereva alikuwa ameyapiga maporomoko madogo kwa simu yake. Maji hayakuonekana kama shuka. Kila tone lilionekana peke yake. Mwenye duka aliitazama kwa muda mrefu, akasema si Sanje, kisha akailipia nusu ya bei.